Tupeane uzoefu: mahakama iliamuaje mtoto akae na nani?

Ndugu zangu wa Mwanza na kandokando ya ziwa, naomba tusimuliane jinsi mashauri ya malezi yalivyoamuliwa baada ya wazazi kuachana. Naanza na langu.

Mwaka 2019 mimi na baba watoto tulipita kwanza baraza la usuluhishi la kata, ambalo lilituandikia hati kwamba limeshindwa kutupatanisha, kwa kuwa kwa kawaida mahakama haipokei shauri la talaka bila hati hiyo. Tuna mapacha, Kulwa na Doto, ambao wakati huo walikuwa na miaka sita. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kugawana: Kulwa aende kwa baba, Doto abaki kwangu, na nakiri kwamba hata mimi niliona ni haki. Hakimu alikataa. Alimwagiza afisa ustawi wa jamii aje nyumbani, naye hakuuliza nani alimkosea nani; alitaka kuona watoto wanalala wapi, akafungua madaftari yao ya shule, akauliza nani huwaamsha asubuhi. Katika taarifa yake aliandika kwamba wanalala chandarua kimoja, na kwamba Doto hajibu swali kabla ya kumtazama Kulwa. Wote wawili wakabaki kwangu, na baba yao akaamriwa kutoa matunzo na kuwachukua wakati wa likizo.

Baadaye nilisomewa kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: ustawi wa mtoto ndio unaotangulia, na mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitaka mahakama izingatie ndugu kukaa pamoja. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima kueleza aliyonitendea mume wangu, na karibu yote hayakuulizwa.

*Baba wa Igombe:*
Pole, dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Mwanangu wa miaka minne alibaki kwa mama yake, jambo ambalo siku hizi sina ugomvi nalo. Tatizo lilikuwa amri ya kuonana naye: kila Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo Jumamosi ikiangukia gizani ninakuwa ndiyo kwanza nimetoka majini, na mara mbili nilisinzia kwenye benchi huku mtoto akichezea viatu vyangu. Mama yake alipeleka hayo mahakamani kama ushahidi kwamba simjali. Nilipoeleza kalenda ya kazi yangu, hakimu, ambaye nadhani alikulia mbali na maji, aliniuliza mara mbili mbalamwezi inahusianaje na mtoto. Mwishowe nilipewa siku tano mfululizo za mwezi mpevu, tunapoanika nyavu. Amri ya malezi haijapigiliwa msumari. Hali ikibadilika, mzazi anaruhusiwa kurudi kuomba ibadilishwe.

*Mjomba K.:*
Kuhusu matunzo, tumeni kwa simu, msipeane fedha mkononi. Ujumbe wa muamala ulinitetea pale maneno yangu yalipokosa shahidi.

*Mama wa Magu:*
Kwetu hoja ilikuwa ng'ombe. Baba mkwe alisema walitoa mahari ya ng'ombe kumi na wanne, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wao, akawataja mmoja mmoja kwa rangi zao. Hakimu alimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa sheria inaitaka mahakama itazame pia mila za jamii, lakini akamweleza kwamba mila haiwezi kutangulia ustawi wa mtoto. Kisha akamwita binti yangu wa miaka 11 ofisini kwake, peke yake. Alichosema humo sijawahi kumuuliza. Aliamriwa abaki kwa baba yake, kwa sababu alikuwa amekwisha kuizoea shule ya kule na hakimu aliona si vema kumhamisha tena. Ng'ombe hawakutajwa popote katika sababu za uamuzi, ila baba mkwe hadi leo anaamini ndio walioshinda.