Seva inakwama kila mwisho wa mwezi, kiraka cha kurekebisha kosa kipo tangu Januari 2022, na mkandarasi bado anatuambia "zima uwashe"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Usiku wa kuamkia jana nimelala tena ofisini, kwenye kiti, kwa sababu seva ya hesabu za wanachama wa Saccos yetu imekwama. Ni mara ya saba tangu mwaka uanze. Na kwa mara ya saba mkandarasi tunayemlipa kila mwezi aitunze seva hiyo amenijibu kwenye simu maneno yaleyale: "Dada, zima tu uwashe, hizo diski zenu zimechoka."

Diski hazijachoka. Kwa ushauri wake tulinunua mbili mpya, kwa pesa za wanachama, na wiki iliyofuata seva ikakwama vilevile. Basi naeleza hapa tatizo ni nini hasa, ili mwenye seva kama yetu asipoteze fedha, na kama mkandarasi wetu anapita humu naye asome.

Saa nane usiku inaanza kazi ya kubana mafaili ya data. Siku nyingi inamaliza ndani ya dakika ishirini. Siku nyingine inasimama katikati. Ukiangalia orodha ya michakato, yaani programu zinazoendeshwa, unaikuta iko hali ya D, yaani imelala usingizi usioamshwa. Piga kill -9 mara mia, haiondoki, maana ishara ya kuiua haitafanyiwa kazi mpaka kile inachokisubiri ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, kitokee. Baada ya sekunde 120 keneli inaandika kwenye logi kwamba mchakato umezuiwa. Halafu kila kinachogusa kipande kile cha faili kinapanga foleni nyuma yake: ripoti, nakala rudufu, vyote. Kufikia alfajiri namba ya mzigo imepita 40 huku prosesa haina kazi, kwa sababu Linux huhesabu na waliolala hali ya D. Mkandarasi akiiona hiyo 40 anasema seva imezidiwa, tununue kubwa zaidi.

Mara ya tano nilikataa kuizima kabla sijajua. Nikafungua faili la stack la mchakato ule ndani ya /proc, yaani mnyororo unaoonyesha kipi kimeita kipi ndani ya keneli, ambalo linasomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kulikuwa na wito wa kusoma faili. Juu yake Btrfs, mfumo wa faili wa seva yetu, ikianza kusoma moja kwa moja. Juu yake keneli ikitafuta kurasa za memori za programu (vipande vidogo ambamo memori hugawanywa), ukurasa mmoja haupo, inakwenda kuuleta. Juu yake Btrfs tena! Na kileleni lock_extent_bits, ikisubiri kufuli. Mfumo wa faili uleule umeingiwa mara mbili katika mnyororo mmoja wa mchakato mmoja. Nilikaa nikiitazama ile skrini dakika nzima.

Kwa wasiofanya kazi hizi: programu ikifungua faili kwa O_DIRECT, data inatoka kwenye diski hadi kwenye memori ya programu bila kupitia akiba ya keneli. Ili mtu asiibadilishe data katikati ya usomaji, Btrfs hukifungia kufuli kile kipande cha faili kinachosomwa. Baada ya hapo ndipo keneli inazishika kurasa ambamo data itamwagwa. Sasa, programu yetu huwa inasogeza rekodi ili kuziba mapengo ya zile zilizofutwa. Inasoma kipande kwa O_DIRECT, na mahali pa kukimwaga ni faili lilelile, limetandazwa kwenye memori kwa mmap, nyuma kidogo ya pale panaposomwa. Vipande viwili vinaingiliana. Ukurasa wa kumwagia ukiwa haumo kwenye memori, keneli lazima iende kuusoma kutoka kwenye faili. Kuusoma kunahitaji kufuli la kipande kile. Kufuli limeshashikwa, na aliyelishika ni huyohuyo anayelisubiri. Ni mtu aliyefunga stoo, funguo ziko mfukoni mwake, kisha amekaa mlangoni anamngoja mwenye funguo.

Hakuna adui hapo, hakuna mchakato wa pili, hakuna diski mbovu. Mchakato mmoja unatosha.

Na ndiyo maana haitokei kila siku. Kurasa zikiwa tayari memorini, kazi inapita salama. Mwisho wa mwezi ripoti zinakula memori, keneli inazitoa kurasa ambazo hazijaguswa karibuni, na hapo mtego unafyatuka. Mkandarasi alijaribu ofisini kwake, kwenye seva tupu, kwa faili dogo, akaniandikia kwamba hakuona tatizo. Angelionaje?

Najua kuna atakayesema mwongozo wa open unashauri programu zisichanganye mmap na O_DIRECT kwenye faili moja. Ni kweli unashauri hivyo, na waliotuandikia programu ile nimewaambia kwa ukali uleule. Lakini programu ikikosea, keneli ina njia za kuiadhibu: iirudishie kosa, iifanye polepole. Mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka yoyote hapaswi kuweza kufunga kipande cha faili kwa namna ambayo hata msimamizi mkuu hawezi kukifungua bila kuzima mashine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walioandika mfumo huo wa faili walishalitatua. Filipe Manana alilirekebisha kwa upande wa Btrfs, Andreas Gruenbacher kwa upande wa GFS2, mfumo mwingine wa faili uliokuwa na ugonjwa wa jamii hiyohiyo, na kazi zao zote mbili zikaingia Linux 5.16 iliyotoka Januari 2022. Nimeusoma msimbo wa kiraka cha Btrfs neno kwa neno, na ni kazi safi. Kabla ya kusoma, keneli inajikataza kwenda kuleta ukurasa uliokosekana: pagefault_disable, na alama ya nofault juu ya memori ya kumwagia. Ukurasa usipokuwepo, usomaji haung'ang'anii hapo na kufuli la kipande mkononi. Unarudi na kosa la EFAULT (memori haikufikika), au na kiasi ulichokwisha kukipata, na kufuli la kipande linaachiwa. Ndipo fault_in_iov_iter_writeable inaziita kurasa memorini, na usomaji unajaribiwa tena kuanzia ulipoishia.

Kisha kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ikiwa baada ya kujaribu tena kiasi kilichobaki hakijapungua hata kidogo, yaani memori imebana mpaka kurasa zinatolewa mara tu zinapoingia, keneli inaachana na njia ya moja kwa moja na kusoma kwa njia ya kawaida kupitia akiba. Bila hiyo, mchakato ungezunguka milele badala ya kulala milele. Mtu alikaa akalifikiria hilo kwa ajili ya watu asiowajua, sisi tukiwemo.

Seva yetu iko 5.10.

Niliandika jaribio fupi, nikaliendesha kwenye kompyuta ya zamani. Kwenye 5.10 lilikwama kabla ya dakika kuisha. Kwenye keneli mpya lilizunguka usiku kucha bila kusita. Nikamtumia mkandarasi jaribio, mnyororo wa wito na namba ya toleo. Wiki tatu kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa mstari mmoja: keneli haiguswi, seva iko imara. Siku mbili baadaye ikaja ankara ya "huduma ya dharura" kwa kuizima seva na kuiwasha, kitendo nilichokifanya mimi kwa mkono wangu huku yeye yuko kwenye simu.

Na kuzima kwenyewe si bure. Kazi ikikatwa katikati, faili linabaki nusu limesogezwa, inabidi nirudishe nakala ya jana yake na kuziingiza upya rekodi za siku nzima. Mara mbili wanachama wamesimama foleni mpaka saa tano asubuhi, mama mmoja akihitaji mkopo wa dharura wa hospitali, nami nampigia hesabu kwa kalamu na daftari. Huyo mama ndiye anayemlipa mkandarasi mshahara.

Leo ni tarehe 28. Nimeiondoa kazi ya kubana mafaili kwenye ratiba ya usiku, acha diski zijae, nitaziangalia mwenyewe kila asubuhi. Barua ya kudai keneli ipandishwe nimeiandika na mwenyekiti ameshaitia saini. Ninachoomba kwenu: kama kuna aliyewahi kumbana mkandarasi wa seva kwa mkataba usiotaja keneli hata mara moja, aniambie alisimamia kifungu gani. Kikao ni Alhamisi.