diff (amri ya kulinganisha mafaili kwenye Linux) inasema mistari yote haifanani wakati naiona sawa kabisa

mhasibu_mdogo: Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana toka asubuhi nahangaika na hiki kitu. Nina mafaili mawili ya namba za wanachama wa saccos yetu, moja nimeandika mwenyewe kwenye Linux, lingine karani kanitumia kalitoa kwenye Excel, nataka nijue nani yuko huku na kule hayupo, sasa nikipiga `diff langu.txt lake.csv` inanitemea mistari yote 340 eti haifanani, wakati M0127 ya huku na ya kule ni ileile herufi kwa herufi. Keshokutwa ni gawio na sitaki mtu akose haki yake.

fundi_terminali: Mkuu macho hayatoshi hapo, piga `head -1 lake.csv | od -c`, itaonyesha hata alama zisizoonekana za mstari wa kwanza, utuwekee inachotoa.

mhasibu_mdogo: Hii hapa
`0000000   M   0   1   2   7  \r  \n`

fundi_terminali: Ndo huyo `\r`. Windows inafunga mstari kwa alama mbili, `\r` na `\n`, Linux inaweka `\n` peke yake. Ni mambo ya toka enzi za teletaipu, moja ilikuwa inarudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, nyingine inasogeza karatasi. diff inaangalia kila baiti, kwa hiyo kwake hiyo ni tofauti halali kabisa. Futa hizo `\r` kwa amri ya tr hivi: `tr -d '\r' < lake.csv > safi.txt`, na tafadhali sana usielekeze matokeo kwenye lake.csv yenyewe, shell (programu inayopokea amri zako) italifuta kabla tr haijasoma chochote.

dada_wa_bash: Halafu kwa kazi yako comm, amri ya kuonyesha mistari iliyoko faili moja tu, inafaa zaidi, ila inataka mafaili yawe yamepangwa kwanza: `comm -3 <(sort langu.txt) <(sort safi.txt)`. Walioko kwako tu wanakaa kushoto, walioko kwa karani tu wanasogea ndani. Na siku ukilinganisha maneno mawili ndani ya skripti weka nafasi, `[ "$a" = "$b" ]`, mimi niliwahi kubananisha `[ $a=$b ]` na wiki nzima ikawa inajibu ndiyo kwa kila kitu, maana inaona neno moja tu lenye kitu ndani.

mhasibu_mdogo: Imekubali!! Imebaki mistari miwili tu, kwangu M0088 kwake M0O88, yaani karani kaweka herufi O badala ya sifuri. Asanteni sana, nampigia sasa hivi arekebishe.