Dagaa wa Kigoma, Mwanza, Nyasa au baharini: unawatofautishaje wakishakaushwa?

MamaLishe_Moro
Habari wakuu. Nina kibanda cha chakula hapa Morogoro na dagaa ndio wanaonilipia kodi. Kila muuzaji anayekuja ananiambia "hawa ni Kigoma, mama", na bei inapanda hapohapo. Nikiwapika, wengine ni watamu kweli, wengine wana uchungu na mchanga unasaga meno ya wateja. Naomba anayejua anieleze: nikishika dagaa mkavu mkononi, nitajuaje ni wa ziwa gani? Msiniambie rangi, maana nimeona weupe wenye uchungu na weusi watamu.

Mvuvi_Kibirizi
Dada, rangi umeiacha mwenyewe, vizuri. Rangi ni jua na mahali alipoanikwa. Dagaa huyohuyo akinyeshewa siku ya kwanza anageuka kahawia.

Sisi wa Kigoma tunatazama tumbo. Chukua mmoja mzima, pitisha kidole chini ya tumbo kuanzia mkiani kwenda kichwani. Wa Kigoma anakwaruza, ana magamba makali yamejipanga katikati ya tumbo kama msumeno. Wa Mwanza ni laini tu, kidole kinateleza. Hata akiwa mkavu kabisa utaisikia.

samaki_na_vitabu
Mvuvi amesema lenyewe. Naongeza sababu, kwa sababu ukiijua hutasahau kipimo.

Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma si ndugu hata kidogo. Wa Kigoma ni wa ukoo wa wale samaki wadogo wa baharini waitwao simu na wengine wa aina hiyo. Mababu zao walitoka bahari upande wa Afrika Magharibi wakaingia mito ya Kongo, mwisho wakakaa Tanganyika. Ukoo huo ndio wenye msumeno tumboni. Wa Mwanza, ambaye Kenya ni omena na Uganda ni mukene, kitaalamu *Rastrineobola argentea*, yuko ukoo mmoja na ningu, yule samaki mkubwa zaidi wa ziwa hilohilo. Udogo na mng'ao tu ndio umewafanya wafanane.

Kipimo cha pili ni pezi la mgongoni. Loweka dagaa watatu wanne kwenye maji ya uvuguvugu mpaka wanyooke, kisha tazama:
- Kigoma: pezi liko katikati ya mgongo, karibu juu ya mapezi ya tumboni.
- Mwanza: pezi limesukumwa nyuma kuelekea mkiani, juu ya lile pezi refu la chini lililo nyuma ya tumbo.

Tumbo na pezi vikikubaliana, usibishane tena na muuzaji. Urefu usiutegemee peke yake. Wa Mwanza mara nyingi ni sentimita 4 au 5, lakini wa Kigoma wachanga nao ni hivyohivyo.

Mwaloni_Trader
Naona mnamchafua wa Mwanza bure. Nafanya biashara soko la Kirumba hapa Mwanza, dagaa wangu hawana mchanga hata chembe. Mchanga hautoki ziwani, unatoka ufukweni wanapomwaga dagaa chini. Ukinunua wa kichanja, walioanikwa kwenye wavu ulioinuliwa, utakula mpaka kichwa. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wanataka rahisi, halafu wakipata mchanga wanalaumu ziwa zima.

Na wa mchanga mwingi huwa anakwenda kwenye chakula cha kuku. Akirudi sokoni kwa binadamu, hiyo ni tamaa ya mtu.

Mvuvi_Kibirizi
Mkuu Mwaloni, hakuna aliyekuchafua. Ila kwenye utamu hatutakubaliana milele 😄 Dagaa wa Kigoma kwenye mawese, na ugali wa muhogo pembeni, hapo mjadala umeisha.

MamaLishe_Moro
Nimekwenda jikoni sasa hivi. Gunia la juzi: linakwaruza. Hili la leo, "Kigoma" ileile: laini kabisa, na pezi liko nyuma. Asanteni, na bei yangu nitaidai. Lakini kwenye lile la juzi kuna wengine wakubwa, wanene, karibu mara mbili ya wenzao. Nao wanakwaruza. Hao ni nini?

Mvuvi_Kibirizi
Hao ni lumbu. Ziwa letu lina dagaa wa aina mbili na wavu hauchagui. Yule mwembamba anakaa katikati ya ziwa, ndiye anayefukuzwa usiku kucha na mgebuka, samaki mkubwa anayewala. Lumbu ni mnene zaidi, anapenda karibu na ufuko, akikua anakula hata dagaa wadogo. Sisi tukiwasha taa usiku wa giza, wote wanakuja juu. Mwezi ukiwa mkubwa tunalala, taa zetu zinakuwa kazi bure.

Tazama pia usije ukauziwa watoto wa mgebuka humo ndani. Hao wana miiba migumu mgongoni, inachoma kidole. Dagaa wa kweli ana pezi moja tu mgongoni, na ni laini.

samaki_na_vitabu
Kwa wanaopenda majina: mwembamba ni *Stolothrissa tanganicae*, hafiki mbali zaidi ya sentimita 10. Lumbu ni *Limnothrissa miodon*, anaweza kufika 17 ndani ya Tanganyika.

Bukavu_Kwetu
Jambo ndugu zangu. Huyo lumbu munaosema, kwetu Kivu ndiye sambaza! Ng'ambo ya Rwanda wanamwita isambaza. Hakuzaliwa huku, alichukuliwa Tanganyika akaletwa Kivu kati ya 1958 na 1960, kwani ziwa lilikuwa na vyakula vingi vya maji ya juu na samaki wa kuvila hakuwepo. Walileta na yule mwembamba pia, huyo akashindwa. Kwa hiyo muuzaji wa Goma akikuonyesha sambaza, tumbo litakwaruza kama la Kigoma, lakini hakutoka Kigoma.

samaki_na_vitabu
Kweli kabisa, na ndiyo mipaka ya kipimo cha kidole: kinakuambia ukoo, hakikuambii ziwa. Lumbu huyohuyo alipelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na kapenta anayeuzwa Zambia na Zimbabwe kutoka Kariba ndiye huyo. Wa Kariba mara nyingi ni mdogo kuliko ndugu yake wa Tanganyika.

Kyela_Mwanakwetu
Mmetusahau wa Nyasa. Usipa tumbo lake laini, pezi nyuma, kwa hiyo kwenye vipimo vyenu anaangukia upande wa Mwanza, na ni ukoo mmoja kweli. Tofauti ni umbo: usipa ni mrefu na mwembamba, aliyekomaa anafika sentimita 13. Wakiwa wachanga mimi mwenyewe nisingeweka dau. Huko Nyasa hakuna dagaa wa kukwaruza kabisa, hivyo ukiuziwa "usipa" mwenye msumeno tumboni, muulize muuzaji ziwa gani hilo.

Binti_Unguja
Na wa baharini je? Kwetu dagaa mchele anachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wafanyabiashara wanakuja kuwachukua mpaka Kongo. Msimpime kwa tumbo, atawachanganya, naye ana vijimwiba vichache hapo mbele. Tazameni mdomo. Pua imetokeza mbele na mdomo uko chini yake, ukiufungua unapasuka mpaka nyuma ya jicho. Wa maziwani hawana mdomo huo. Na onja mmoja: chumvi imeingia mpaka ndani.

Mwaloni_Trader
Hapo kwenye kuonja nakubali. Dagaa mchele wa Unguja ukimwosha mara tatu bado ana chumvi.

MamaLishe_Moro
Swali la mwisho kabla sijafungua kibanda. Kuna kijana ananiletea unga wa dagaa wa lishe, amekwisha saga, anasema Kigoma. Huo napimaje?

samaki_na_vitabu
Huo haupimiki, dada. Kwenye unga hakuna pezi wala tumbo. Mwambie akuletee wazima, usage mwenyewe mashineni hapo Morogoro, na uwapitishie kidole kabla ya kuwatia kwenye mashine. Kama ni kwa watoto wadogo, angalia zaidi mchanga kuliko ziwa: wa Mwanza wa kichanja atawafaa kuliko wa Kigoma aliyeanikwa chini.

Mvuvi_Kibirizi
Hilo la mwisho limeniuma, ila ni kweli.