Corolla AE101 barabarani halina shida, kwenye mbio linachemsha. Nianzie wapi?

Pwani_Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nipo Tanga mjini. Nina Corolla AE101 la mwaka 1993, injini 4A-FE, gia za mkono. Gari hili baba alilitumia miaka mingi, sasa ni langu, na siko tayari kuiua injini yake kwa sababu ya mbio za mwisho wa wiki. Ndiyo maana nauliza kabla sijashika spana.

Nikienda Segera, Korogwe, hata nikipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mshale wa joto unakaa chini kidogo ya katikati na hautikisiki. Lakini tukishindana kwa mizunguko kwenye njia za vumbi za shamba la mkonge upande wa Muheza, baada ya muda mfupi unaanza kupanda. Nikikaza unakaribia H (alama ya moto). Nikilegeza unarudi, ila polepole. Nikisimama nakuta chupa ya akiba imejaa na inamwaga.

Feni inawaka, mkanda ni mpya. Fundi mmoja hapa Ngamiani ananiambia ng'oa themostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto). Rafiki yangu anasema funga rejeta nene ya alumini. Hela niliyo nayo inatosha jambo moja la maana, si mawili.

FundiRejeta

Mkuu, tusaidie kwanza. Linapanda kwenye kona za polepole au kwenye mnyooko? Rejeta imewahi kubadilishwa? Maji unayoweka ni ya wapi? AC inafanya kazi?

Pwani_Kaskazini

Linapanda kwenye mnyooko, gia ya pili na ya tatu, injini ikiwa karibu mizunguko 6,000 kwa dakika. Rejeta ni ya siku zote, ile ya matangi ya plastiki nyeusi. Maji ni ya kisima cha nyumbani, yana chumvi kidogo. AC ilikufa zamani, kondensa (rejeta ya AC) bado ipo mbele ya rejeta ya injini.

Mzee_wa_Raskazone

Mwanangu, majibu yako yanaonyesha njia. Gari linalochemsha likiwa limesimama au likitambaa, anza na feni. Linalochemsha kwenye mwendo, achana na feni, maana upepo wa mwendo ni mkubwa kuliko wake. Hapo unachunguza mambo mawili: maji yanazungukaje, na hewa inapitaje.

Sasa kwa nini barabarani halikusumbui? Kwa kukadiria, theluthi ya nishati ya petroli ndiyo inayosukuma gari, theluthi inatokea kwenye ekzosi, na karibu theluthi inaingia kwenye maji. Ukitembea kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare, injini yako haifanyi kazi hata robo ya uwezo wake. Rejeta iliyoziba nusu inatosha kabisa kwa safari hiyo, na geji haitakuambia kitu. Shambani unakanyaga mpaka mwisho, joto linaongezeka mara kadhaa, na upungufu uliokuwepo miaka yote unajitokeza siku hiyo. Lushoto isikudanganye. Ile njia ina kona kali, kila kona unaachia mafuta, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa baridi. Muheza mwezi wa pili saa nane mchana ni habari nyingine.

Maji ya kisima cha chumvi ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Madini yake yanaganda ndani ya mirija ya rejeta na ndani ya bloku ya injini yenyewe. Fanya hivi: washa gari mpaka lipate moto na feni ifanye kazi, kisha zima. Hakikisha feni imesimama kabisa na uchomoe waya wake, maana feni ya umeme inaweza kuanza ghafla hata injini ikiwa imezimwa. Pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Joto linatakiwa lipungue taratibu kutoka upande maji yanakoingia kwenda yanakotokea. Ukikuta kipande kimepoa ghafla katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba.

Halafu ondoa hiyo kondensa. AC haifanyi kazi, nayo inazuia hewa bure. Gesi ikiwa bado imo, itolewe na fundi wa AC, usikate bomba mwenyewe. Ukishaitoa utaona uchafu uliojaa kati yake na rejeta: vumbi, majani, nyuzi za mkonge. Osha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutokea upande wa injini kwenda mbele. Maji ya presha yanalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Kazi ya mwisho haina gharama na watu wengi wanaipuuza. Angalia nafasi zilizo wazi pembeni, juu na chini ya rejeta. Hewa ikikuta upenyo pembeni haitajisumbua kupita kwenye mapezi. Ziba kote kwa sponji ngumu na vipande vya bati jembamba, ili kila hewa inayoingia kwenye bampa ilazimike kupita kwenye rejeta. Wanaofunga rejeta nene na kuacha nafasi hizo wazi wanapoteza fedha.

Ngamiani_Racing

Mzee shikamoo. Kwa heshima yote, themostati iondoke tu. Mimi natembea bila hiyo kitu na gari halijawahi kuchemsha. Njia ikiwa wazi maji yanapita mengi.

Mzee_wa_Raskazone

Marahaba. Kwenye baadhi ya injini utafanya hivyo na usione shida. Lakini injini nyingi za Toyota za miaka ile zina njia ya mkato ya maji, yaani maji yanayotoka kwenye injini yanarudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, ili injini ipate moto haraka asubuhi. Themostati ikifunguka, sehemu yake ya nyuma inaiziba ile njia. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini vilevile ilivyotoka. Unaondoa kifaa ili kupunguza joto, na kwenye mbio unaliongeza.

Na barabarani ni kinyume chake: injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na silinda zinalika. Afunge mpya ya digrii 82. Kabla ya kuifunga aitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka aone kama inafunguka vizuri.

Mswahili_Joburg

Naongezea kuhusu mfuniko wa rejeta, kitu kidogo ambacho watu hawakikumbuki. Maji kwenye usawa wa bahari kama hapo Tanga yanachemka digrii 100. Mfuniko ulioandikwa 0.9 ukishika presha yake, yanachemka karibu digrii 118. Springi ikichoka, unapoteza digrii zote hizo na maji yanakimbilia kwenye chupa ya akiba. Maelezo yako ya chupa kujaa yanaweza kutokana na hilo peke yake. Nunua mpya wenye namba ileile. Usiweke wa 1.3 kwenye rejeta ya zamani yenye matangi ya plastiki, utaipasua.

Kuhusu kulanti (maji ya kupozea injini): maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu na glaikoli (dawa ya kuzuia maji yasigande). Viwanja vingi vya mbio za lami vinakataza glaikoli kwa sababu ikimwagika njia inateleza vibaya. Tanga hakuna barafu, huihitaji kwa baridi. Ila maji matupu yanaleta kutu, kwa hiyo tumia maji yaliyotolewa madini na uongeze dawa ya kuzuia kutu. Unaponunua, hakikisha si ile asidi ya betri, madumu yake yanafanana.

Pwani_Kaskazini

Asanteni sana. Je, nikiinua boneti kwa nyuma kwa kuweka washa za chuma chini yake, kama vijana wengi wanavyofanya, hewa ya moto si itatoka?

FundiRejeta

Hapana. Chini ya kioo cha mbele ndipo hewa inaposongamana gari likiwa kwenye mwendo. Ukifungua pale, mara nyingi hewa inaingia ndani badala ya kutoka, na ikiingia inapinga ile inayopita kwenye rejeta. Chunguza chini badala yake. Kama umefunga bati la kukinga karta (tangi la oili chini ya injini) lisilo na matundu, hewa ya moto haina pa kutokea.

Na kabla ya yote, pima gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini). Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa. Viputo vichache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Viputo vinavyoendelea bila kukoma, au mpira wa juu wa rejeta kuwa mgumu ndani ya dakika moja na mfuniko umefungwa, ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hapo hata rejeta ya lori haitakusaidia.

Navigeta_Dada

Habari zenu kaka zangu. Mimi nakaa kiti cha kushoto kwenye rali, na joto la injini ni sehemu ya kazi yangu, kwa sababu dereva macho yake yako njiani.

Geji ya kiwandani ya Corolla usiiamini. Imetengenezwa ikae katikati kwa digrii nyingi, ikianza kusogea tayari umechelewa. Funga geji yenye namba, pamoja na king'ora cha maji kupungua. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye mvuke na kinaweza kusoma chini, unadhani gari limepoa kumbe linaungua.

Ukifika digrii 105, panda gia mapema, acha injini izunguke 4,500 badala ya 6,000. Usimgandie aliye mbele, unakula vumbi lake na hewa yake ya moto. Washa hita na feni yake mpaka mwisho: ndani ya gari kutakuwa tanuri, lakini ile hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukimaliza, zungusha mara moja taratibu kabla ya kuegesha. Ukizima ghafla maji yanasimama, na joto la chuma linahamia kwenye maji yaliyotulia. Na tafadhali, mfuniko usiguswe mpaka rejeta ishikike kwa mkono. Nimeona mtu akiungua uso.

Pwani_Kaskazini

Dada, nashukuru, hilo la geji nalifanyia kazi.

Mrejesho: viputo hakuna, mpira wa juu haukukaza. Fundi wa AC alishughulikia gesi, kondensa tumeitoa, na sehemu ya chini ya rejeta ilikuwa imefunikwa udongo mwekundu uliokauka. Tumeosha. Nimepitisha kiganja kama mzee alivyoelekeza, upande mmoja una ukanda mpana uliopoa. Fundi anataka kuisafisha kwa soda ya kaustiki. Pia kuna duka lina rejeta ya AE101 la otomatiki, imetumika lakini safi. Ipi bora?

Mzee_wa_Raskazone

Soda ya kaustiki hapana kabisa, inakula alumini na utabaki na rejeta inayovuja. Chukua ile ya otomatiki. Nenda na yako mkononi, linganisha vishikizo na midomo ya mipira, na upime unene, mara nyingi ya otomatiki ni nene zaidi. Vile vijibomba viwili vya mafuta ya gia huvihitaji, vizibe tu vumbi lisiingie. Kabla ya kuifunga, safisha bloku kwa maji ya bomba mpaka yanayotoka yawe meupe, la sivyo tope la zamani litaziba rejeta mpya. Ukijaza, inua pua ya gari kwenye mwinuko, hita iwe kwenye moto, uache mfuniko wazi mpaka themostati ifunguke na hewa yote itoke.

Baki ya hela inunue themostati, mfuniko na hiyo geji ya namba. Utuandikie namba ulizoziona shambani, mzunguko kwa mzunguko.