Wakala anayeuza "leseni ya California" hapa Kampala aturudishie fedha zetu

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kuna wakala mwenye ofisi katikati ya Kampala ambaye amekuwa akituvuta sisi wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi, pamoja na wenzetu wa nusukaputi, akituahidi kwamba kwa stashahada tulizo nazo, tukiongezea kozi yake ya majuma machache, tutakubaliwa kufanya mtihani wa Marekani wa wataalamu wa tiba ya upumuaji na hatimaye kupewa leseni ya California.

Ahadi hiyo ni uongo tangu mwanzo. NBRC, bodi inayosimamia mtihani huo, humtaka mtahiniwa awe amehitimu programu ya tiba ya upumuaji iliyoidhinishwa na CoARC, tume ya Marekani inayokagua programu za fani hiyo, na kozi ya wakala huyu haimo kabisa katika orodha ya zilizoidhinishwa. Hata ukiwa umekesha miaka mingi kando ya mashine za kupumulia, uuguzi wako hauhesabiwi badala ya masomo hayo. Alituambia pia kwamba cheti cha ngazi ya chini, CRT, kinatosha, ilhali tangu Januari 1, 2015 California humdai mwombaji mpya awe na RRT, ambayo ni ngazi ya juu zaidi, mbali na alama za vidole na uchunguzi wa rekodi za jinai. Tena alidai kwamba leseni ikishatoka inafanya kazi Marekani nzima, wakati majimbo hutoa leseni kila moja kwa sheria zake, na Alaska peke yake ndiyo isiyodai leseni.

Siwalaumu wenye masharti hayo, kwa kuwa mashine ikipangwa vibaya mgonjwa huharibika mapafu au hufa. Ninayemlaumu ni mtu aliyechukua fedha za watu waliokopa kwenye SACCO huku masharti yote yakiwa wazi mtandaoni. Tulipodai marejesho alijibu kwamba tulilipia "ushauri", kisha akatuonyesha kibali chake cha kupeleka wafanyakazi nje, kana kwamba kibali hicho kinamruhusu kuuza nafasi ya mtihani asiousimamia.

Wenye stakabadhi zake naomba mjitokeze humu, ili tupeleke malalamiko ya pamoja polisi na kwa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kabla hajaanza kuandikisha kundi jingine.