Mliofanyiwa upasuaji wa kinyama cha jicho, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi wa kupaua, nipo Dodoma. Miaka kumi na zaidi nimeinama juu ya mabati mapya, jua linapiga juu na linarudi usoni kutoka chini, na vumbi la huku mnalijua. Kinyama kilianza jicho la kulia, upande wa pua, kidoa cha njano tu. Kikawa chekundu na kuota kama bawa, ncha ikielekea kwenye mboni. Kila aliyeniona alisema "mtoto wa jicho huyo". Siyo. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, ndani kabisa. Hiki ni utando wa juu wa jicho unaotambaa kutoka kwenye weupe na kupanda kwenye konea, kile kioo cha mbele. Ukisimama mbele ya kioo unakiona mwenyewe, na mishipa yake. Madaktari wanakiita terijiamu.

Nimepasuliwa mara mbili jicho hilohilo, ndiyo maana naandika. Mara ya kwanza, 2018, kilikatwa haraka, nikafungwa bandeji, nikapewa dawa ya tyubu na kuambiwa niende nyumbani. Hakuna aliyenipangia tarehe ya kurudi, na mimi sikujua kuuliza. Mwezi wa tano baada ya kukatwa kilikuwa kimerudi, kinene kuliko cha mwanzo, na jicho linawaka muda wote.

Mara ya pili, 2021, nilimpata daktari aliyekaa chini na kunichorea kwenye karatasi. Akaniambia kikikatwa na pale mahali pakaachwa wazi, mara nyingi kinaota tena. Kinachosaidia ni kupafunika: anachukua kipande chembamba cha utando wa jicho lako mwenyewe, huku juu chini ya kope, anakipandikiza pale palipokatwa. Wengine wanakishona kwa nyuzi nyembamba sana, wengine wanatumia gundi maalumu, na wapo wanaokishikiza kwa damu ya mgonjwa mwenyewe ikiganda. Mimi nilishonwa.

Kuhusu maumivu, maana najua ndilo swali la kwanza. Hakuna nusu kaputi. Unawekewa matone ya ganzi, kisha sindano ndogo kwenye utando wa jicho. Sindano niliihisi. Baada ya hapo ni taa kali na kusikia unabonyezwa, basi. Unamsikia daktari akiomba mkasi na wewe umelala macho. Ilichukua kama dakika arobaini. Shida ni usiku, ganzi ikiisha: jicho linachoma kana kwamba limejaa mchanga, machozi yanatiririka hata kwenye jicho la pili ambalo ni zima. Kesho yake bandeji ilitolewa na siku ya tatu nililala vizuri.

Nikatumia matone miezi miwili, nikipunguza kwa ratiba aliyoniandikia. Mpaka leo hakijarudi. Karibuni na nyie.

Bi Mwani, Paje

Pole sana kaka. Mie nalima mwani, jua la juu na la majini yote yangu. Nina vinyama macho yote mawili. Nilikwenda nimeshajiandaa kukatwa kote, daktari akanambia cha kushoto tukiache, hakijafika kwenye mboni wala hakinisumbui kuona. Akanipa machozi ya bandia na kuniambia nivae kofia pana na miwani ya jua. Miaka minne sasa kimesimama palepale.

Cha kulia ndicho alichokikata, kwa sababu kilikuwa kinavuta konea mpaka imepinda, herufi nikizitazama zina kivuli. Baada ya kupona naona vizuri zaidi, lakini miwani ya kusomea bado navaa na kovu jepesi limebaki pale kilipokuwa kimepanda. Nawaambia hili kwa sababu wengi wanangoja mpaka kinyama kifunike mboni. Kikishafika katikati, hata kikitolewa kovu linabaki njiani.

Fundi wa Dodoma

Ahsante dada. Walikushona au waliweka gundi?

Bi Mwani, Paje

Nyuzi. Zilikwaruza kama wiki mbili mpaka zilipotolewa.

Mwendesha boda, Singida

Mimi nataka niseme kuhusu matone ya dukani. Jicho langu lilikuwa jekundu kila siku, abiria wanadhani navuta bangi. Muuza duka akanipa matone, ndani ya siku mbili jicho jeupe. Nikawa nanunua chupa baada ya chupa kwa mwaka mzima. Nilipofika kliniki kuulizia upasuaji, walipima presha ya jicho wakakuta imepanda. Yale matone yalikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayoweza kupandisha presha ya jicho ukiitumia muda mrefu. Nikaambiwa ningeendelea ningeweza kupoteza uoni taratibu bila maumivu yoyote, na uliopotea kwa presha ya jicho haurudi. Kumbe kinyama nilichokuwa nakihofia kilikuwa na nafuu kuliko dawa yake.

Muuguzi wa macho

Nashukuru kwa ushuhuda huo. Matone baada ya upasuaji nayo mara nyingi yana steroidi, ili kutuliza uvimbe na kupunguza uwezekano wa kinyama kurudi. Ndiyo maana tunasisitiza tarehe za kurudi: tunaangalia kidonda na tunapima presha. Kurudi kwa kinyama, kama kutatokea, mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza, na vijana kinawarudia zaidi kuliko wazee.

Na tafadhali ndugu zangu, msiweke maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama kwenye jicho. Nimeshaona konea zilizooza kwa ajili hiyo, na hapo kinyama kilikuwa bado kidogo.

Dada wa Kisumu

Naomba niongeze jambo zito. Kakangu alikuwa na miaka 34. Chake kilikua haraka sana, miezi michache tu, cheupe juu na kina vinundu, si laini kama mnavyoeleza. Sisi sote tulisema ni kinyama cha kawaida. Daktari alipokitoa alipeleka kipande maabara, majibu yakaja: saratani ya uso wa jicho. Alitueleza kuwa huku kwetu Afrika Mashariki ugonjwa huu huwapata hata vijana, na kwamba jua kali na virusi vya UKIMWI vinahusika sana. Kakangu akapimwa, akakutwa navyo, akaanza dawa. Jicho lake lipo na anaona, kwa sababu iligunduliwa mapema.

Kwa hivyo ukikatwa, uliza kama kipande kitapelekwa maabara. Sisi hatungejua kuuliza.

Mwendesha boda, Singida

Dada, umenishtua. Changu bado hakijakatwa, ila ni laini na kimekaa miaka. Kliniki yangu ni mwezi ujao, nitauliza.

Fundi wa Dodoma

Dada wa Kisumu, pole sana, na mungu amzidishie kaka afya.

Kuna mtu amenitumia ujumbe pembeni akiuliza kazi nilirudi lini. Daktari alinikataza vumbi, kuinua mizigo mizito na kuogelea kwa mwezi. Mimi nilikaa wiki tano, na haikuwa rahisi kwa mtu anayelipwa kwa siku. Mke wangu alibeba nyumba kwa genge la nyanya. Paa la kwanza nililopanda lilikuwa la darasa, nikiwa na kofia ya ukili na miwani myeusi inayofunika mpaka pembeni. Vijana ninaofanya nao kazi nimewanunulia kila mmoja ya kwake.