Natafuta kijiji chenye utulivu Uingereza, naomba ushauri kabla sijahamisha familia

Baba Salma

Habari zenu wanajamvi. Wakubwa shikamooni.

Nina miaka 54, kwetu ni Pangani, London nimeingia mwaka 2003. Nimeendesha basi miaka 17. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku na binti yetu ana miaka 13. Tunakaa orofa ya pili, barabara kuu iko chini ya dirisha. Usiku kucha ni ving'ora, saa kumi alfajiri linakuja gari la taka. Nina sukari na presha, na daktari ameniambia waziwazi kwamba kukosa usingizi kunanimaliza.

Mwaka jana nilikwenda kumzika mama. Nililala Pangani siku tisa bila kushtuka hata mara moja. Niliporudi nikamwambia mke wangu, mimi hapa basi tena.

Kurudi nyumbani moja kwa moja bado hatuwezi, mtoto anasoma. Kwa hiyo tunatafuta upande wa mashambani hapa hapa Uingereza. Nimechungulia ramani hadi macho yanauma, nimebakiza sehemu nne: Northumberland karibu na Hexham, Herefordshire, pwani ya Wales upande wa Aberystwyth, na Lincolnshire ambako nimeona kodi za nyumba ni nafuu. Tutapanga kwanza. Gari tunalo moja.

Naomba mnisaidie kujua wapi utulivu upo kweli, na sisi familia moja ya Waafrika tutaishije huko. Natanguliza shukrani.

Kipanga wa Mrima

Pole sana kwa msiba, kaka.

Kuhusu Lincolnshire nakwambia nililoliona. Nilipanga huko mwaka 2018 kwa sababu kama zako. Nyumba nilikwenda kuiangalia Jumamosi, kimya kiasi kwamba unasikia saa ya ukutani. Jumatatu asubuhi ndege ya kivita ikapita juu ya paa, vikombe vikagongana kabatini. Mkoa ule una viwanja vya jeshi la anga na mazoezi ni siku za kazi. Wales nako, kati ya Dolgellau na Machynlleth, kuna mabonde ambayo marubani wa kijeshi wanapita chini mno, hadi watu wanapanda mlimani kuwapiga picha wakiwa wanapita chini yao.

Na uliza shamba la jirani linalimwa nini. Sisi tulikuwa na mizinga ya gesi ya kutishia njiwa na kunguru, inalipuka yenyewe kila baada ya dakika kadhaa tangu alfajiri. Mwezi wa nane mashine za kuvuna ngano zinanguruma hadi usiku wa manane, kwa sababu mvua ikiwahi, mazao yamekwenda. Siwalaumu, mkulima ni mkulima. Ila wewe unayetafuta usingizi ujue mapema. Nyumba iangalie Jumanne au Jumatano, tena wakati wa baridi.

MamaMkunga

Baba Salma, tafuta hospitali kwanza, nyumba itafuata. Nimefanya kazi vijijini miaka kumi na moja na watu wengi nimewaona wakienda kinyume.

Hereford ina hospitali kubwa mjini yenye kitengo cha dharura. Aberystwyth ipo hospitali ya Bronglais. Ukivuka kidogo tu ukaingia Powys, kaunti nzima haina hospitali kubwa, wagonjwa wanapelekwa Hereford, Shrewsbury au Aberystwyth. Hexham hospitali ipo lakini ni ndogo, ukizidiwa ghafla utapelekwa Cramlington au Newcastle. Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba, endesha gari usiku hadi hospitali na upime dakika. Usitegemee simu ikwambie.

Kabla hujalipa amana, wapigie mapokezi ya zahanati ya daktari wa familia, wape postikodi ya nyumba, uliza kama wanapokea wagonjwa wapya. Baadhi ya zahanati za vijijini hukupa dawa palepale kama famasi iko mbali. Wales dawa za cheti ni bure kwa wote tangu 2007, lakini wewe unayetumia dawa za sukari hata England hulipi, mradi uwe na cheti cha msamaha. Kama huna, jaza fomu wiki hii hii.

Na vitamini D msiache. Ngozi zetu zinahitaji mwaka mzima hapa, siyo majira ya baridi tu.

Mkoko

Herefordshire ni pazuri mno, mwezi wa tano mashamba ya matufaa yakichanua utasimamisha gari. Lakini ogopa mito. Februari 2020, dhoruba ya Dennis ilipopita, mto Wye ulipanda Hereford kuliko kiwango chochote kilichowahi kurekodiwa pale. Nyumba ikiwa rahisi kupita kiasi, ingiza postikodi kwenye ukurasa wa serikali wa hatari ya mafuriko kabla hujampigia dalali.

Kingine hakimo kwenye picha za dalali: mabanda ya kuku. Mkoa ule una mabanda makubwa sana, na upepo ukigeuka hufungui dirisha.

Tupo_Wales

Shemeji, karibu Ceredigion, ndiyo kaunti yenye Aberystwyth. Watoto wangu wawili wamekulia hapa.

Karibu nusu ya watu wa kaunti hii wanazungumza Kiwelisi, na kwa shule za msingi mtoto anakinywa kama maji. Binti wa miaka 13 ni jambo jingine. Pale Aberystwyth zipo sekondari mbili, moja inafundisha kwa Kiwelisi na nyingine kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, kwa hiyo asikutishe mtu. Muhimu mhamishe kabla hajaanza mwaka wa 10 wa shule, masomo ya mitihani yakishaanza kubadili shule ni mateso.

Watu? Mwezi wa kwanza bibi wa nyumba ya pili alikuwa ananijibu salamu tu. Siku moja akamsikia mwanangu akiniita kwa Kiswahili, akauliza ni lugha gani. Nikamwambia nyumbani tunasema hiki, Kiingereza tunakiacha mlangoni. Akanishika mkono, akasema nao ndivyo walivyolelewa. Tangu siku hiyo hanisalimii kwa Kiingereza kwanza, ananipa "bore da" na mimi nampa "habari za asubuhi".

Ubaya ni umbali. Treni hadi Birmingham ni kama saa tatu, London ongeza. Msiba ukitokea jijini, unafika watu wameshaanza kutawanyika.

Mlima wa Kondoo

Mimi niko magharibi ya Hexham, mwaka wa tisa sasa. Nitasema yote.

Giza la huku ni giza kweli. Kaskazini yetu, msitu wa Kielder na mbuga ya Northumberland, panalindwa rasmi tangu 2013 taa zisiharibu anga. Mwezi ukiwa haupo unaona kilimia kama ulivyokuwa unakiona kwa bibi yako.

Gesi ya bomba hatuna. Tuna tangi la mafuta uani, na makampuni mengi hayaleti chini ya lita 500 kwa mara moja, kwa hiyo ni pesa nyingi kwa mkupuo. Majirani tunaagiza pamoja tupate bei. Maji ya chooni yanaingia kwenye karo letu wenyewe. Nyumba za mawe ni nzuri kwa macho lakini zinakunywa joto. Omba cheti cha matumizi ya nishati, kina herufi A hadi G, na nyumba ya kupanga isishuke chini ya E.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 2021 ilikuja dhoruba Arwen. Miti iliangukia nyaya, tukakaa siku sita bila umeme. Maji yetu ni ya kisima na pampu ni ya umeme, kwa hiyo na bomba likakauka. Minara ya simu ikazima. Asubuhi ya pili nasikia trekta. Ni mzee mfuga kondoo, miaka minne tulikuwa tunapungiana mikono tu. Amebeba jenereta nyuma. Akaunganisha pampu, akatusubiri tujaze kila ndoo na kila sufuria, akauliza mtoto ana maziwa, akaenda nyumba inayofuata. Alifanya hivyo kila siku mpaka umeme uliporudi. Mke wangu alimpelekea chapati alizopika juu ya jiko la kuni, alizila amesimama na glavu moja mkononi.

Kuhusu rangi sitakudanganya, watu watawatazama. Mwanangu aliitwa jina baya shuleni mara moja. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo na likashughulikiwa. Kwa binti wa miaka 13 kitu cha kila mwezi ni nywele: msusi ni Newcastle, na mihogo na unga vilevile. Panga safari moja ya Jumamosi mfanye yote.

Gari moja halitawatosha mkikaa ndani sana. Mama akiondoka nalo zamu ya usiku, wewe na mtoto mmefungiwa. Basi la mwisho la kwetu linapita kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo tafuta kijiji chenye stesheni kwenye reli ya Newcastle na Carlisle: Corbridge, Haydon Bridge, Haltwhistle. Corbridge epuka upande wa chini karibu na mto, Desemba 2015 maji yaliingia majumbani. Shule ya binti ikiwa zaidi ya maili 3 na ndiyo ya karibu yenye nafasi, halmashauri inampa usafiri bure.

Abu Nassir

Assalaam alaykum. Kwa Waislamu wanaosoma uzi huu: mimi niko Stornoway, kisiwa cha Lewis huko Scotland. Msikiti tulipata 2018, kabla ya hapo tulikuwa tunasali majumbani. Nyama tunaagiza Glasgow.

Ndugu Baba Salma, usiogope baridi, ogopa giza la mchana. Huku Desemba jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kama saa tisa na nusu alasiri limezama. Hexham si kama huku, lakini ni zaidi ya London. Mwaka wa kwanza niliacha kupokea simu za ndugu zangu bila kujua kwa nini. Jiwekee ratiba ya kutoka nje kila siku adhuhuri, hata kuwe na mvua.

Dada wa Zamu

Nyongeza kwa walio kwenye viza ya udhamini wa kazi: msihame kwa kufuata uzi huu tu. Mwajiri mpya lazima akudhamini na ruhusa itoke kabla hujaanza kwake. Na kea, yaani mhudumu wa wazee na wagonjwa majumbani, vijijini bila gari hupati zamu. Leseni ya Tanzania au Kenya inakubeba miezi 12 tu tangu ulipohamia, baada ya hapo ni mtihani wa hapa.

Baba Salma

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, mke wangu ameandika kwenye daftari.

Lincolnshire tumeifuta. Wales moyo uliipenda, lakini mama mdogo wa mke wangu ni mgonjwa London na tunahitaji njia fupi. Wiki iliyopita tulikwenda Northumberland, Jumanne hadi Alhamisi, mvua mwanzo mwisho. Tulilala Haydon Bridge. Usiku wa kwanza saa nne niliendesha hadi Cramlington kama MamaMkunga alivyosema: dakika 52. Mke wangu alikuwa kimya njia nzima, kisha akasema hiyo anaikubali, isizidi hapo. Salma alikuwa amenuna tangu London. Jumatano jioni mvua ilikatika kidogo, akatoka nje na simu yake kupiga picha nyota, akaja kutuita.

Usiku huo nilisikia treni, halafu mto, halafu sikusikia kitu. Niliamka saa mbili kasoro robo asubuhi. Mke wangu amekaa kitandani ananitazama, alidhani naumwa.

Kuna nyumba tumeiona, dakika nane kwa miguu hadi stesheni, mlimani mbali na mto. Mlima wa Kondoo, naomba nisaidie hili: tangi lina mafuta kidogo na dalali anasema tutalipia yaliyomo. Nitajuaje kiasi?

Mlima wa Kondoo

Siku ya kukabidhiwa funguo pimeni tangi pamoja, piga picha ya kipimo, na mwandike lita kwenye karatasi ya makabidhiano mbele ya dalali. Usikubali kadirio la mdomo. Nitakuja Jumamosi na kijiti changu cha kupimia, ni mwendo wa dakika ishirini tu kutoka kwangu.

Mama watoto anauliza kama Salma anakula samaki wa nazi.